Rimu za Buluu na Sufuria ya Shughuli

Ijumaa ile, watu wa Kiswere wakiwa bado wamezunguka masinia ya wali, yowe lilisikika kutoka nyumbani kwa Mzee Abdulrazak. Lilikuwa yowe la mtu aliyefiwa. Wanaume wakaacha wali, wanawake wakajitupia khanga, kila mmoja akakimbilia huko akijiuliza nani katangulia mbele ya haki. Walimkuta mzee mwenyewe kasimama barazani na kanzu yake ya Ijumaa, mkono wa kulia kaufunga kitambaa, na marehemu yuko miguuni pake juu ya mkeka. Marehemu alikuwa kigari cha rimoti.

Asiyeijua Kiswere atadhani hapa yanazungumzwa mambo ya watoto. Hapana. Mzee Abdulrazak alipostaafu kazi ya melini alirudi kijijini na friji, redio, na kigari kimoja cha rimoti chenye ukubwa wa jogoo. Mwanzoni watu walimcheka. Haikupita muda wakaanza kumbembeleza awaachie rimoti kidogo. Siku hizi wanaume wazima, wenye ndevu na wajukuu, kila Jumapili wanakusanyika kwenye majaruba ya chumvi yaliyokauka wakishindanisha vigari na kununiana wiki nzima. Wake zao walishanung'unika mpaka wakachoka.

Kati ya vigari vyote hivyo, cha Mzee Abdulrazak ndicho kilichokuwa kikitamba, na kilitambia rimu zake nne na shokapu zake za alumini, buluu ya kung'aa, ambazo hakuna mwingine pale kijijini aliyekuwa nazo. Sasa kigari kilikuwa kimelala kwa tumbo, hakina gurudumu hata moja.

Bi Kibibi, balozi wa nyumba kumi za mtaa ule, alifika wa mwisho kwa sababu alitaka kufika kibalozi. Alikuwa kavaa miwani na mtandio wa kijani anaouvaa kwenye mikutano. Tangu achaguliwe, kesi zake zilikuwa za mbuzi walioingia shambani na kuku waliotaga kwa jirani, na moyoni alikuwa akitamani sana kesi ya maana. Alipokiona kigari kile alimshukuru Mungu kimyakimya, kisha akaona haya, akaomba radhi.

"Pole, shemeji," alisema. Alimwita shemeji kwa kuwa mke wa mzee, Bi Somoe, ni shoga yake wa tangu utoto. "Mara ya mwisho kukiona kizima ilikuwa lini?"

"Asubuhi, kabla sijaenda kuoga kwa ajili ya Ijumaa. Nimerudi kutoka msikitini, ndiyo haya unayoyaona."

"Mlango ulifunga?"

"Nilirudishia tu. Kiswere hii nani anafunga mlango mchana?"

"Ndani alibaki nani?"

"Hakubaki mtu. Somoe yuko Kikole kwenye arusi ya mpwa wake, anarudi kesho."

"Na mkono huo?"

Mzee Abdulrazak akautazama mkono wake kana kwamba kaletewa na mtu. "Nazi. Nilikuwa nafua nazi, ikateleza, kifuo kikanichoma."

Bi Kibibi akatikisa kichwa kwa huruma. Alipoanza kuuliza kama kuna mtu anayemshuku, mzee hakumngoja amalize.

"Mwizi namjua. Ni Jenipher. Juzi alikuja hapa, akazishika rimu zangu, akazigeuzageuza. Hebu niambieni, Kiswere nzima nani mwingine anayeweza kuivua alumini rangi yake akaivisha nyingine? Hivi tunavyoongea, rimu zangu ziko kwenye beseni lake zinavuliwa. Kesho zitatoka nyekundu, na nikizikuta njiani sitazijua."

"Wewe unaijua kazi hiyo inavyofanywa?"

"Mimi nitaijuaje? Mambo ya kostiki sijui hata kostiki yenyewe ina rangi gani. Mimi na sabuni tunakutana bafuni tu." Watu wakacheka, naye akapata nguvu. "Banda analofanyia kazi ni langu. Jumapili alasiri awe ametoka. Akizidisha hapo, naita polisi."

Kicheko kikakatika. Jambo hilo lilimgusa Bi Kibibi mwenyewe, maana Jenipher alipofika Kiswere kutoka Milola, mtu aliyemdhamini kwa Mzee Abdulrazak apewe lile banda alikuwa yeye Kibibi.

*

Banda la Jenipher lilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga. Alikuwa mwanamke kijana, mtoto wa Kimakonde, mkimya, na alikuwa hodari wa kazi moja ambayo watu walianza kwa kuishangaa: alichukua vipande vya alumini vya pikipiki na vya vigari vya rimoti, akavitoa rangi ya kiwandani na kuvitia rangi nyingine. Vilitoka vinang'aa kuliko vilivyokuja.

Umati ulimpita balozi mlangoni, ukaingia kabla yake. Kelele zikaanza pale pale, kwa sababu sakafuni kulikuwa na beseni la maji ya buluu, buluu iliyokolea, na ndani yake kuna kitu kimezama.

"Ubuluu wangu huo," alisema Mzee Abdulrazak akinyoosha ule mkono wenye kitambaa. "Balozi, shahidi ni macho yako mwenyewe."

Bi Kibibi akainama. Akakohoa. Kwa miaka miwili amewatangazia wanawake wa Kiswere kwamba ukili wa mikeka yake anauchovya mwenyewe, kwa siri aliyoachiwa na bibi yake, na ndiyo maana rangi haichujuki. Alifikiria kunyamaza. Kisha akamwona Jenipher anavyomtazama bila kusema neno, anamtunzia siri hata saa ile, akaingiza mkono kwenye beseni na kuvuta shungi la ukili linalochuruzika.

"Ni ukili wangu," alisema. "Huwa namletea Jenipher anichovyee. Haya, mmeshajua, tokeni nje."

Walitoka wakinong'ona, na haikuwa juu ya rimu. Mzee Abdulrazak alirudi kwake. Bi Kibibi akavuta kigoda, akafuta mkono wake wa buluu kwenye khanga, jambo alilolijutia baadaye.

"Shikamoo, mama," alisema Jenipher.

"Marahaba, mwanangu. Sasa nieleze. Kwa nini juzi ulikwenda kwa mzee?"

"Aliniita. Alitaka rimu na shokapu zake ziwe rangi ya dhahabu kabla ya mashindano ya Jumapili. Nikamwambia haitawezekana, nina kazi za watu mbele yake, asubiri wiki. Akacheka. Akasema kazi yenyewe ni kuchovya tu, mimi naikuza."

"Ukakasirika?"

"Nilikasirika, ndiyo. Nikaenda zangu nyumbani."

Bi Kibibi hakulipenda jibu hilo, kwa sababu lilikuwa jibu la kweli na lilimpa Jenipher sababu ya kuiba. "Na kazi ni kuchovya tu?"

Kwa mara ya kwanza Jenipher alitabasamu. "Hii siyo rangi ya kupaka, mama. Alumini inaoteshwa ngozi nyembamba sana kwa umeme na maji makali ya betri. Ngozi hiyo ndiyo inayokunywa rangi. Ukitaka kubadilisha, unaivua kwa kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, unaotesha ngozi mpya, unachovya kwenye rangi hii hii ya ukili, halafu unachemsha ili ifunge. Hapo kwenye kuvua ndipo wengi wanapoharibu. Lazima usimame uangalie. Rangi ikiondoka tu, toa, osha. Ukizubaa, kostiki ikimaliza ngozi inaanza kula alumini yenyewe."

Alisema haya huku mikono yake ikiendelea na kazi, na Bi Kibibi akagundua kazi yenyewe ni ipi. Alikuwa anafunga vitu. Betri imeshatiwa kwenye gunia, nyaya zimeshaviringwa.

"Unaondoka? Si utawapa watu neno la kusema?"

"Neno wanalo tayari." Akakaza kamba ya gunia. "Wateja wawili wameshakuja kuchukua vitu vyao. Mmoja alihesabu boliti mbele ya macho yangu, mama, moja moja, halafu akazihesabu tena. Hata usiponikuta na kitu, nani ataniletea chombo chake baada ya leo? Nitarudi Milola nikalime na mama yangu."

Bi Kibibi akainuka kigodani. Akajitanda khanga yake yenye doa la buluu akatoka, na hasira zilikuwa zimempanda bila kujua azielekeze kwa nani.

*

Alizielekeza kwanza kwa Lukas, mwenye mashine ya kusaga, kwa sababu yuko karibu na kwa sababu kila Jumapili ndiye anayeshindwa na Mzee Abdulrazak. Balozi alikuwa na mabaki ya kigari kwenye kikapu kama ushahidi. Alipobisha hodi, Lukas akatupa gunia la pumba juu ya kitu kilichokuwa mezani na kujibu karibu kwa sauti ya mtu aliyefumaniwa.

"Funua," alisema Bi Kibibi.

"Ni pumba tu, balozi."

"Basi nifunulie pumba."

Lukas akafunua. Kulikuwa na kigari chake, na miguuni kina rimu mpya nyekundu zinazometameta. Nyekundu, kama alivyosema mzee.

"Umezipata wapi?"

"Nimeziagiza Dar. Zilikuja nyeupe, Jenipher akanitia rangi wiki iliyopita." Akaangalia mlangoni, akashusha sauti. "Tafadhali mke wangu Antonia asijue. Nilimwambia nimeagiza mkanda wa mashine."

"Mbona umeficha wakati mimi siyo Antonia?"

"Nilidhani ni yeye. Siku hizi anabisha hodi ili asikie ninavyojibu."

Bi Kibibi hakumwamini mtu kwa maneno. Alitoa mabaki ya kigari kikapuni, akachomoa rimu moja nyekundu na kuijaribu. Ekseli ya kigari cha mzee ilikuwa nene kuliko tundu la rimu, haikuingia hata ncha. Alijaribu upande wa pili, ikawa vile vile. Rimu ilivuliwa rangi au haikuvuliwa, tundu lake halipungui.

"Samahani, Lukas," alisema, akiwa kama kanyang'anywa tonge mdomoni.

"Hamna shida. Antonia je?"

"Sikuona kitu. Nimeona pumba."

*

Jumamosi asubuhi Bi Somoe alirudi kutoka Kikole, na kabla hajavua baibui alikuwa tayari kwa shoga yake Kibibi.

"Shoga, nimeibiwa."

"Najua. Rimu."

"Rimu za nani? Sufuria yangu. Ile kubwa ya shughuli."

Bi Kibibi akainuka. Kila mtu aliijua sufuria hiyo. Hakuna arusi wala matanga Kiswere ambayo haikupika wali wake. Kwa vile sufuria za shughuli huchanganyika jikoni na kila mwenye chake hukitia alama, Bi Somoe aliitia rangi nyekundu ya kucha kwenye sikio moja, doti tatu, ili asidhulumiwe.

"Mume wako anasemaje?"

"Ananiambia watu wako kwenye msiba, wewe unaniletea habari za sufuria."

Wakaenda pamoja. Mzee Abdulrazak alikuwa katoka kwenda kupokea pole kwenye kijiwe cha kahawa. Bi Somoe akamwonyesha jiko lilivyo, kisha akamvuta mpaka nyuma, kwenye tuta la mchicha. Alhamisi alipoondoka ulikuwa umesimama wa kijani. Sasa nusu ya tuta ilikuwa imelala, majani meusi, udongo una ukungu mweupe juu yake, na kuku walikuwa wanapita mbali.

"Na huu mchicha nao kaiba Jenipher?" aliuliza Bi Somoe.

Bi Kibibi aliinama, akauchunguza ule ukungu mweupe. Aliomba aonyeshwe stoo. Wao wawili ni wanachama wa kikundi cha akina mama cha kutengeneza sabuni, na mfuko wa kostiki wa kikundi hutunzwa pale, juu ya rafu, umefungwa mara mbili kwa mpira. Waliukuta wazi. Kostiki ikiachwa wazi hunywa unyevu wa hewani, na hiyo ilikuwa imeshanywa usiku kucha, imekuwa uji.

"Nani kaifanya hivi?" Bi Somoe alishika kichwa. "Hakuna mwanamke wa kikundi anayeweza kuiacha wazi. Hakuna."

"Wala Jenipher," alisema Bi Kibibi polepole. "Yeye anaishi kwa kostiki. Tena ana yake." Akatazama ule uji. "Shoga, mume wako mkono kaumia vipi?"

"Anasema nazi." Uso wa Bi Somoe ukalainika. "Tangu anioe hajawahi kunifulia nazi hata moja. Nikasema labda nilipokwenda Kikole alinikumbuka."

Kutoka hapo balozi alienda moja kwa moja kwa Kondo, mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa kuwa mtu akiiba alumini Kiswere hana pengine pa kuipeleka. Kondo ni Mmwera na Bi Kibibi ni Mmachinga, ni watani, kwa hiyo mahojiano yalianza kwa matusi.

"Nimekuja kumkamata mwizi," alisema Bi Kibibi, "nikaona nianze na sura iliyo tayari."

"Karibu, mtani. Mimi nilidhani unatafuta pa kujiuza kwa kilo. Uchakavu upo, uzito ndio sina hakika."

"Umeletewa rimu ndogo za alumini?"

"Sijaletewa. Nani aniletee mzigo wa kushika kwa vidole viwili?"

"Sufuria je?"

Kondo akacheka. "Nina kichekesho cha sufuria. Jana, magharibi inaingia, nimeiokota kwenye shimo la taka kule nyuma ya msikiti. Hebu ona mwenyewe, maana nikikusimulia utasema Wamwera waongo."

Akavuta kutoka kwenye lundo duara la alumini. Ulikuwa ukingo wa sufuria kubwa na masikio yake mawili. Chini ya ukingo ubavu ulishuka kidogo, ukawa mwembamba kama karatasi, ukaishia kwenye matundu na meno meno. Kitako hakikuwepo. Haikuwa imetoboka kwa moto wala kukatwa kwa msumeno. Kwenye sikio moja kulikuwa na doti tatu nyekundu.

Bi Kibibi aliketi juu ya injini mbovu akaanza kucheka. Alicheka mpaka miwani ikamwanguka, Kondo akaanza kutafuta maji. Halafu akamkumbuka Jenipher akihesabiwa boliti, kicheko kikamkauka.

"Niazime hii," alisema. "Na kesho alasiri njoo barazani kwa Mzee Abdulrazak. Ukisema neno kwa mtu kabla ya hapo, utani umekwisha."

*

Jumapili mashindano yaliahirishwa. Baraza ya Mzee Abdulrazak ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Lukas alikuwepo na kigari chake chenye rimu nyekundu, ambacho balozi alimwamuru akilete, na Antonia alikuwa kakaa nyuma yake anakitazama kigari hicho kwa utulivu wa kutisha. Kondo alikuwa kaegemea nguzo. Nje, mbele ya banda la Jenipher, guta la magurudumu matatu lilikuwa limeshapakiwa mabeseni, gunia la betri na godoro. Jenipher mwenyewe alisimama kando ya baraza, mikono kaifumbata, anasubiri tu yaishe aondoke.

"Nimewaita," alisema Bi Kibibi, "kwa sababu mzee kasema rimu zake zitavuliwa buluu zitiwe nyekundu. Na rimu nyekundu ni hizi hapa. Sasa tutazipima. Tukizitia kwenye kostiki, ule wekundu utatoka, na kama chini kuna buluu ya mzee, tutaiona sote."

Lukas alifungua mdomo kulalamika. Bi Kibibi alimkanyaga mguu, naye akaufunga. Jenipher alikunja uso, kwa maana alijua hakuna kipimo cha namna hiyo duniani, lakini alikuwa kachoka kubishana.

"Somoe, niletee sufuria."

Bi Somoe akaleta sufuria yake mpya, kubwa, aliyoinunua Kikole kufidia iliyopotea, bado ina karatasi ya dukani. Balozi akaiweka katikati ya baraza. Akamimina maji. Akatoa kwenye kikapu kifuko cheupe, akakifungua taratibu.

"Shemeji, uko tayari?"

"Niko tayari," alisema Mzee Abdulrazak. Jasho lilikuwa linamtoka puani.

"Kostiki hii ni kali. Nitaitia yote."

"Tia."

Bi Kibibi akainua kifuko juu ya sufuria. Akakiinamisha. Chembe za kwanza zilipoanza kuteleza kuelekea mdomoni mwa kifuko, mzee akainuka kitini.

"Siyo kwenye hiyo. Tafuta ndoo ya plastiki."

Baraza nzima ikamgeukia. Bi Kibibi hakushusha mkono.

"Kwa nini ya plastiki, shemeji?"

"Aa, si itaharibika? Sufuria mpya hiyo."

"Itaharibikaje?"

"Itaharibika tu. Italiwa."

"Inaliwa na kostiki? Sisi akina mama wa sabuni tunalijua hilo, hatuweki kostiki kwenye alumini hata kwa bahati mbaya. Lakini Ijumaa ulisema hapa hapa kwamba hujui kostiki ina rangi gani. Kati ya Ijumaa na leo nani kakufundisha?"

"Nimesikia."

"Kwa nani?"

Mzee akatazama huku na huku akitafuta jina. Bi Kibibi akaweka kifuko chini, akaingiza mkono kikapuni, akatoa lile duara la alumini lenye masikio mawili na kumkabidhi Bi Somoe. Bi Somoe akaligeuza, akaona doti tatu nyekundu. Akaliinua, akamtazama mumewe kupitia mahali palipokuwa kitako.

"Baba Salha," alisema. "Hii ndiyo nazi?"

Mzee Abdulrazak akakaa. Alionekana mdogo ndani ya kanzu.

"Nilitaka ziwe za dhahabu," alisema. "Huyu binti akaniambia nisubiri wiki. Nikajisemea moyoni, atatukuzia kazi mpaka lini, mimi nitafanya mwenyewe kabla ya Jumapili na nitawaonyesha jamaa wa kwenye kahawa. Nyuma ya nyumba nikatia maji kwenye sufuria, nikatia kostiki, nikatumbukiza. Yakaanza kuchemka bila moto. Nikaona vizuri, kazi inakwenda. Nikaenda msikitini."

"Ukaziacha," alisema Jenipher. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema.

"Niliziacha. Na Ijumaa ile khutba ilikuwa ndefu." Akakishika kile kitambaa cha mkononi. "Ilikuwa juu ya uaminifu. Niliporudi, sufuria haina kitako, maji yako kwenye mchicha, rimu nikaziokota kwa mkono, mkono ukaungua."

"Ziko wapi?" aliuliza balozi.

Akaingia ndani, akarudi na kopo la maziwa ya unga. Akalimimina juu ya mkeka. Rimu nne zilikuwa zimebaki maganda ya kijivu, nyepesi, zenye matundu; shokapu zilikuwa vipande visivyotambulika. Lukas, ambaye ameshindwa na rimu hizo msimu mzima, aliinamisha kichwa kwa heshima.

Kondo ndiye aliyeangua kicheko, na baraza ikafuata, hata Antonia. Bi Kibibi akalamba kidole, akakichovya kwenye kile kifuko, akakiweka mdomoni. Ilikuwa chumvi ya majarubani. Watu wakacheka zaidi, Mzee Abdulrazak naye akaanza kutabasamu kidogo, akidhani labda kesi imeishia kwenye kicheko.

Jenipher hakucheka.

"Kwa nini mimi?" aliuliza. Kicheko kikashuka kidogo kidogo mpaka kikaisha. "Ungesema umeibiwa na mpita njia. Ungesema paka. Kwa nini ulitaja jina langu?"

Mzee aliangalia mkeka. "Nilipanga kuja kukuomba unisaidie. Ijumaa ile ile, kabla sijapiga yowe. Nilifika mpaka mlangoni kwako. Ukaniamkia shikamoo mzee, kwa adabu kabisa. Nikakumbuka nilivyosema ni kuchovya tu. Nikashindwa. Nikarudi, na hasira nikazitupia kwako kwa kuwa wewe ulisema kweli kuhusu kazi hiyo na mimi nilikuwa mwongo." Akanyanyua uso. "Nisamehe, mwanangu. Banda ni lako. Kaa bure mwaka mzima."

"Sitaki bure," alisema Jenipher.

Bi Kibibi, aliyekuwa amejiandaa kutoa hukumu kwa maneno mazito, alimwachia nafasi.

"Mzee, ulikwenda kwenye kahawa, ukakaa ukapewa pole. Ulikwenda dukani. Ulipita kila nyumba ukaniita mwizi. Leo hapa wapo watu thelathini, Kiswere ina watu wangapi? Hao wengine watanijua kwa lile la Ijumaa. Nataka uende kote ulikopita. Usitume mtu, wala usiseme tumeelewana. Useme ulivyofanya."

"Nyumba zote?"

"Zote. Ukimaliza nitashusha vitu vyangu. Usipomaliza, guta linaondoka."

Mzee alimgeukia balozi kama anayeomba apunguziwe. Bi Kibibi akavua miwani, akaifuta kwa ule upande wa khanga wenye doa la buluu, akasema jua bado liko juu.

Alianza na nyumba ya jirani. Bi Somoe alimfuata nyuma kwa hatua kadhaa, na lile duara la sufuria kalivaa begani kama mkoba, kuhakikisha hakuna kinachorukwa. Walimsikia akibisha hodi, akikaribishwa, akikataa kukaa. Walisikia mwanzo anameza maneno na mke wake anamwambia kwa nyuma, sema vizuri, hawakusikii. Nyumba ya tatu sauti ilitoka. Kwenye kahawa alizomewa, akasimama mpaka walipomaliza kuzomea, akarudia tangu mwanzo, pamoja na khutba. Alipofika kwa yule mteja aliyehesabu boliti, mtu huyo alisikiliza mlangoni, kisha akaingia ndani.

Adhana ya magharibi ilikuwa bado kidogo. Jenipher alikuwa kakaa kwenye ukingo wa guta, miguu inaning'inia, Bi Kibibi yuko pembeni yake. Yule mteja alikuja na mfuko wa plastiki mkononi, ndani yake vile vitu alivyovichukua Ijumaa. Akasimama mbele yao, akauweka mfuko ule mapajani mwa Jenipher.

"Safari hii boliti sikuzihesabu," alisema, akaondoka haraka.

Jenipher akaushika ule mfuko kwa mikono yote miwili. Machozi yalimtoka, akayaacha. Alipotulia aliteremka, akalishika gunia la betri upande mmoja.

"Mama, nishikie huku," alisema. "Nzito."